Ridhaa ya Asiyeweza Kukataa

Wahenga wetu walituachia methali ambayo kila mtu wa mwambao anaijua, na wachache huisimamisha njiani wakaihoji: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Aghalabu tunaitumia tunapomtaja mtu tusiyempenda; tunamhesabia mabaya yake yote, kisha tunamkiria jema lake moja. Lakini tukiyashika maneno yenyewe, tukayavua desturi yake, yanasema jambo la kutisha. Yanasema kwamba mtu anaweza kunyongwa na papo hapo akapewa haki yake, na kwamba mnyongaji akishaitoa haki hiyo hana tena deni. Nataka kuichukua methali hii mpaka mahali halisi, penye hekta na tarehe, nami niulize swali moja: mtu akiombwa ridhaa katika hali ambayo hawezi kukataa, je, alichokitoa ni ridhaa? Na yule aliyekipokea, je, ametenda haki?

Tanzania ina Masaki mbili. Ya kwanza iko Dar es Salaam, kwenye rasi ya Msasani: mtaa wa mabalozi, mahoteli na nyumba zenye kuta ndefu. Ya pili ni kata ya wilaya ya Kisarawe, mkoani Pwani, katika nchi ya mikorosho, mihogo na mkaa. Wilaya hiyo inapakana na jiji. Mkaa wake unapikia vyungu vya mjini, na wenye fedha wa mjini huenda huko kutafuta mashamba. Jina ni moja, nchi ni moja, katiba ni moja. Watu hudhani kinachozitenga Masaki hizi mbili ni fedha, na hawakukosea, ila hawajamaliza. Mwenye nyumba wa Masaki ya rasini akijiwa na mtu anayekitaka kiwanja chake, anaweza kusema hapana kisha akaenda kulala. Ana hati sandukuni, ana wakili anayemjua kwa jina, ana njia nyingine ya kula. Mkulima wa Kisarawe akijiwa kwa ombi hilohilo, hapana yake ina gharama asiyoweza kuilipa. Basi tofauti ya tajiri na maskini haiishii kwenye vitu walivyo navyo. Iko pia katika bei ya neno moja dogo.

Katikati ya miaka ya 2000, dunia ilipokuwa ikitafuta mafuta yasiyochimbwa ardhini, kampuni ya Kiingereza iliyoitwa Sun Biofuels ilikuja Kisarawe kutafuta ardhi ya kupanda mbono. Mwaka 2009 ilikabidhiwa hekta 8,211 zilizomegwa katika ardhi za vijiji 11, kwa muda wa miaka 99. Mtamba, Mhaga, Marumbo na Kurui ni miongoni mwa vijiji hivyo. Msomaji wa visiwani, aliyezoea kuhesabu ardhi kwa eka tatutatu, na apige hesabu: hekta hizo ni zaidi ya eka 20,000. Zingegawiwa kwa mafungu ya eka tatu, zingepatikana sehemu zaidi ya 6,700.

Wanavijiji walisimulia baadaye, mbele ya waandishi wa habari na watetezi wa haki za ardhi, kwamba waliahidiwa ajira, visima, zahanati, shule na barabara. Sehemu kubwa ya ahadi hizo ilisemwa kwa mdomo, na maneno ya mdomo hayana mhuri. Mamia waliajiriwa kweli, na haitakuwa insafu kulificha hilo. Wapo waliopata mshahara wa mwezi kwa mara ya kwanza maishani mwao. Lakini walilalamika pia kwamba fidia ilikuwa ndogo na wengine haikuwafikia, kwamba walizuiwa kufika kwenye vyanzo vya maji walivyovizoea, na kwamba makaburi ya wazee wao yalibaki ndani ya mipaka ya shamba la mtu mwingine. Mmea wenyewe uliowaingiza katika mkasa huo, Waswahili tunauita mbono kaburi, kwa kuwa desturi ni kuupanda makaburini. Safari hii mbono ulipandwa na kaburi likapotea.

Mwaka 2011, miaka miwili tu baada ya kukabidhiwa ardhi, shughuli zilisimama na wafanyakazi wakaachishwa kazi. Kampuni iliuzwa kwa kampuni nyingine iliyosajiliwa Mauritius. Hapa ndipo wengi walipojifunza jambo ambalo hawakuelezwa mwanzoni, au walielezwa kwa lugha isiyoingia akilini: ardhi yao haikurudi. Ili mgeni apewe ardhi kwa ajili ya uwekezaji, sheria ilitaka kwanza ardhi hiyo itolewe katika ardhi ya kijiji na kuingizwa katika ardhi ya jumla, na ikishatoka hairudi yenyewe kwa sababu mgeni ameondoka. Mkulima alidhani amekodisha, kumbe ameaga. Hati ilivuka bahari kutoka mkono mmoja hadi mwingine, na wale waliozaliwa juu ya ardhi ile hawakuwa tena na mkono wa kuishika.

Mtu anaweza kuniambia: lakini walikubali. Vikao vilifanyika, mihtasari iliandikwa, majina yalitiwa, vidole vilichovywa wino. Ni kweli. Mtu yeyote anayeitaka haki hana budi kuanza na kweli hiyo, kwa sababu ndiyo ngao ya kila mwenye nguvu katika zama zetu. Mwenye nguvu wa zamani alichukua. Mwenye nguvu wa leo huomba, tena kwa adabu, kisha huondoka na karatasi.

Tazama basi neno lenyewe, maana kazi ya kufasiri imenizoesha kuyapima maneno kabla ya kuyatoa. Ridhaa ni ndugu wa radhi. Mtoto hutafuta radhi za mamaye. Mgonjwa aliyekata tamaa huwaomba radhi jirani zake. Aliyekoseana na mwenziwe humwambia niwie radhi. Kote humo radhi ni hali ya moyo uliotulia juu ya jambo, uliolijua na ukalipokea. Mama hawezi kulazimishwa kutoa radhi. Anaweza kulazimishwa kutamka maneno yake, lakini kila Mswahili anajua kwamba radhi iliyotamkwa chini ya kitisho haimfikishi mtoto popote. Neno letu, basi, halikubaliani na mhuri. Tukisema wanakijiji waliridhia, tumedai kwamba tumeiona mioyo yao. Tukiwa waaminifu tungesema tu kwamba walikubali, au kwamba walinyamaza, au kwamba hawakuwa na la kusema. Haya ni mambo manne mbalimbali, na sehemu kubwa ya dhuluma ya siku hizi hufanywa kwa kuyaandika yote manne kwa neno moja.

Wanazuoni wa fiqhi waliliona jambo hili zamani. Walishurutisha kwamba biashara isisimame ila kwa ridhaa ya pande mbili, na wakakataza mauzo ambayo ndani yake mna giza, yaani mnunuzi au muuzaji hajui anachokitoa wala anachokipata. Walijadiliana pia juu ya mauzo ya mwenye dharura: mtu aliyebanwa na njaa au deni akauza mali yake kwa bei ya kutupa. Hata wale walioyahisabu mauzo hayo kuwa yamesihi waliona haifai kumvizia ndugu katika dhiki yake. Ama kuhusu kunyamaza, kanuni yao inayojulikana ni kwamba aliyenyamaza hanasibishwi kauli. Mlango mmoja walioufungua ni wa mwali anayeposwa, ambaye haya humzuia kusema, nao wakauweka mbali na hali nyingine. Aliyekwisha kuolewa alitakiwa atamke mwenyewe. Sasa tujiulize: mkulima mwenye umri wa miaka sitini, aliyekaa kimya katika mkutano wa hadhara mbele ya viongozi waliokuja kwa magari, ni haya gani tunayomdhania hata kimya chake tukifanye ndiyo?

Si haya, ni hesabu. Anamtazama mkuu wa wilaya aliyeketi meza kuu na anajua kwamba Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997 inampa mkuu huyo uwezo wa kuamuru mtu akamatwe na kuwekwa ndani hadi saa 48, kwa jina la kulinda amani. Sisemi kwamba yuko mtu wa Kisarawe aliyewekwa ndani kwa kuikataa mbono, wala sihitaji kusema hivyo. Uwezo hauhitaji kutumika ili ufanye kazi. Panga lililoning'inia ukutani hubadilisha mazungumzo ya nyumba nzima bila ya kushuka. Tena mkulima huyo anajua kwamba mbolea ya ruzuku, barua ya kumpeleka mtoto shule, na jina lake katika orodha ya msaada wa chakula mwaka wa ukame, vyote vinapitia kwa watu haohao walio mezani. Uhuru wa kusema umeandikwa katika ibara ya 18 ya Katiba, na hauna kosa. Ila uhuru wa mtu ambaye riziki yake iko mikononi mwa anayemsikiliza ni uhuru wa ndege aliyefunguliwa mlango akiwa amefungwa mguu.

Sheria nayo ina kipengele ambacho kila ninapokisoma hunirudisha nyuma nikisome tena. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, inasema kwamba ardhi ya kijiji inayotakiwa kuhamishwa ikiwa chini ya hekta 250, Mkutano Mkuu wa Kijiji ndio unaokubali au kukataa. Ikizidi hekta 250, mkutano hutoa mapendekezo, na anayekubali au kukataa ni Waziri. Maana yake, kijiji kina sauti kamili juu ya kipande na nusu ya sauti juu ya pande kubwa. Kadiri hasara inavyokuwa kubwa, ndivyo neno la anayehasirika linavyopungua. Ukizigawa hekta 8,211 kwa vijiji 11, kila kijiji kinaangukiwa na wastani wa hekta 746, karibu mara tatu ya kikomo hicho. Mtu aombwe ruhusa ya kuazimwa sufuria, na akija wa kuichukua nyumba aulizwe maoni tu: hiyo ndiyo hekima iliyomo.

Na haikuwa kwamba nchi haikuonywa. Mwaka 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi aliunda tume ya kuchunguza masuala ya ardhi, akamweka Profesa Issa Shivji kuiongoza. Tume ilizunguka nchi, ikawasikiliza wanavijiji, na mwaka 1992 ikatoa ripoti. Miongoni mwa mapendekezo yake makubwa ni kwamba milki ya asili ya ardhi za vijiji iondolewe mikononi mwa Rais na kuwekwa katika mikutano mikuu ya vijiji yenyewe. Pendekezo hilo halikukubaliwa. Sheria za 1999 ziliiacha ardhi yote mikononi mwa Rais akiwa mdhamini kwa niaba ya wananchi. Sheria ya Ardhi, Na. 4 ya mwaka huo, iliongeza neno jingine zito: katika kuieleza ardhi ya jumla, ilijumuisha ndani yake ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika.

Isiyotumika! Anayetoka mjini akautazama msitu wa Kisarawe huona pori. Anayeishi humo huona kuni na mkaa, uyoga wakati wa masika, mizizi ya dawa, miti ya kujengea, njia ya kwenda kisimani, na shamba lililolazwa miaka mitatu ili lirudishe rutuba. Shamba lililolazwa halijaachwa, kama vile mtu aliyelala hajafa. Lakini likishaandikwa kuwa halitumiki, kulichukua hakuonekani tena kuwa ni kuchukua. Huonekana kuwa ni kuokota. Ndiyo maana nasema dhuluma nyingi huanza katika msamiati kabla ya kufika shambani. Tena kwa muda mrefu msamiati huo haukuwa hata wa Kiswahili. Mpaka sheria ilipobadilishwa mwaka 2021 na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama, lugha kuu ya sheria zetu ilikuwa Kiingereza, na mikataba ya uwekezaji aghalabu iliandikwa kwa lugha hiyo. Mtu alitia kidole katika karatasi asiyoweza kuisoma, akaelezwa muhtasari wake na mtu mwenye haja naye atie kidole. Mfasiri yeyote mwenye haya angekataa kufasiri mahali ambapo yeye ndiye mnunuzi.

Wapo watakaosema kwamba angalau tumesogea. Ni kweli, tumesogea, na historia ya Uzaramo yenyewe ni shahidi. Wajerumani walipoleta mashamba ya pamba ya lazima mwanzoni mwa karne ya ishirini, hawakuomba muhtasari wa mkutano. Waliamrisha, wakachapa, wakalipa malipo machache mno; na mwaka 1905 pamba hiyo ikang'olewa huko Umatumbi, ikazaa Vita vya Maji Maji. Kibasila, kiongozi wa Wazaramo, alinyongwa na watawala hao. Leo jina lake liko juu ya lango la shule ya sekondari Dar es Salaam. Baada ya Uhuru, Mwalimu Nyerere aliandika mwaka 1968, katika makala yake juu ya uhuru na maendeleo, hoja nzito kwamba maendeleo ya watu hayaletwi kwa kuwalazimisha. Miaka mitano baadaye, Novemba 1973, ilitangazwa kwamba kuishi katika vijiji ni amri, na katika operesheni zilizofuata mamilioni ya watu wakahamishwa. Basi kutoka amri ya 1905, kupitia amri ya 1973, hadi mkutano wa miaka ya 2000 ni safari. Wenye nguvu wamejifunza kwamba ni lazima waombe. Kilichobaki ni wajifunze kwamba anayeomba lazima awe tayari kunyimwa. Bila ya hilo, ombi ni amri iliyonawa uso.

Sisi washairi tungepaswa kulijua jambo hili kuliko wengine. Malumbano yamekuwapo katika ushairi wa Kiswahili tangu zama za Muyaka bin Haji wa Mombasa na kabla yake. Mtu hutunga, akamtupia mwenziwe. Naye hujibu, pengine kwa kumkanya, pengine kwa kumkejeli, pengine kwa kumwambia wazi kwamba amekosea. Anayeanzisha malumbano anajua kwamba jibu litakuja asilolipenda, na heshima yake iko katika kulisubiri. Akitokea mtunzi anayetaka aulize yeye, ajibu yeye, kisha atangaze kwamba wameafikiana, tutamcheka. Lakini mikutano mingapi ya maendeleo imeendeshwa namna hiyo, na hatukucheka?

Sasa niipe nafasi yake hoja iliyo nzito kuliko zote zinazonipinga. Inasema: wewe unawadharau maskini. Unasema ridhaa yao si ridhaa kwa kuwa wana shida. Lakini nani asiye na shida? Ukifuata njia hiyo, maskini hataweza kuuza, kukodisha wala kuingia mkataba, na badala ya kumlinda utakuwa umemfanya mtoto. Zaidi ya hayo, maskini wa Kisarawe hakuhitaji mahubiri. Alihitaji kazi, na kazi haiji bila ya mtaji.

Hoja hii ni ya haki katika nusu yake ya kwanza. Umaskini peke yake haubatilishi neno la mtu. Mkulima anayeuza gunia la mihogo kwa sababu mtoto anaumwa ameuza, na mnunuzi hana lawama akilipa bei ya soko. Watu wa Mtamba na Mhaga ni watu wazima wenye akili zao. Ndiyo kwa sababu hiyo walistahili kuulizwa kama watu wazima: waoneshwe mkataba kwa lugha yao, waelezwe kwamba ardhi haitarudi, wapewe muda wa kwenda kuuliza kwa asiyekuwa na hisa, na waachwe wakutane bila ya mgeni mezani. Kumnyima mtu mambo hayo, kisha ukakishika kidole chake na kusema ni chaguo lake, huko ndiko kumfanya mtoto. Na liko jambo jingine ambalo hata ridhaa iliyo safi haiwezi kulifikia. Miaka 99 iliyoanza 2009 ingeishia 2108. Kijana wa miaka 20 aliyenyoosha mkono siku ile angekuwa na umri wa miaka 119. Hakuna hata mmoja katika mkutano ambaye angekuwapo siku ya kurejeshewa. Walikuwa wakitoa kilichokuwa chao pamoja na kilichokuwa cha wajukuu zao, na mjukuu hakualikwa.

Nusu ya pili ya hoja, kwamba kazi haiji bila ya mtaji, haigusi swali letu. Hakuna aliyeomba mtaji uzuiwe bandarini. Swali ni hatari inabebwa na nani. Katika Kisarawe mwekezaji alikosea hesabu zake, na hilo hutokea katika kila biashara. Aliyekosea aliuza akaondoka. Ambaye hakuwa na hesabu yoyote ndiye aliyebaki bila ya ardhi na bila ya mshahara.

Ili kuuona uzito wa jambo hili, tuitazame Bagamoyo, katika mkoa huohuo wa Pwani, kwenye ardhi ambayo watu wa visiwani wanaijua kwa jina la RAZABA, iliyokuwa ranchi ya mifugo ya Zanzibar. Wawekezaji kutoka Sweden walipewa zaidi ya hekta 20,000 za ardhi hiyo kwa ajili ya mradi wa miwa, na mwaka 2016 Serikali ikaifuta hati yao. Hawakwenda kwa afisa ardhi wa wilaya kusubiri kwenye benchi. Walikwenda kwenye kituo cha kimataifa cha usuluhishi wa migogoro ya uwekezaji kilichoko Washington, na mwaka 2023 wasuluhishi waliamua kwa upande wao, wakaamuru walipwe fidia inayozidi dola milioni 100. Silaumu uamuzi huo. Pengine walivunjiwa ahadi kweli. Nasema tu tuziweke kesi mbili sambamba. Mgeni akiondolewa katika ardhi aliyopewa juzi, liko baraza la dunia la kumsikiliza, na fidia yake inahesabu hata faida aliyoitarajia. Mwenyeji akiondolewa katika ardhi ya mababu zake, fidia yake inahesabu mikorosho na migomba. Mmoja hulipwa kesho yake. Mwingine hulipwa jana yake, tena kwa bei ya jana.

Na hilo neno fidia nalo tulitazame, maana kwetu lina makazi msikitini kabla ya ofisini. Mzee asiyeweza kufunga Ramadhani hutoa fidia kwa kumlisha maskini. Hakuna anayedai kwamba kwa kutoa chakula mzee yule amefunga. Fidia ni kukiri kwamba lipo jambo limekosekana na haliwezi kurudi. Hutolewa kwa unyenyekevu. Katika ofisi zetu neno hilo limegeuzwa kuwa risiti: umelipwa, basi usiseme tena. Mnyonge amenyongwa, haki yake amepewa, faili limefungwa.

Nisieleweke kwamba mambo haya ni ya Bara, nasi visiwani tumesalimika. Ardhi ya Zanzibar nayo, tangu baada ya Mapinduzi ya 1964, ni ya umma na iko chini ya Rais, na tangu miaka ya 1990 mahoteli yameota kutoka Nungwi hadi Kiwengwa na kuteremka pwani yote ya mashariki. Kila mwenye kupita ufukweni huko anaweza kuuliza kijiji kilichoko nyuma ya ukuta kilikubali lini, kwa maneno gani, na nani aliyekataa.

Sheria zetu zinamwita mwenye mamlaka juu ya ardhi mdhamini. Ni neno zuri na ni zito. Msimamizi wa mali ya yatima hawezi kuiuza mali hiyo kisha akajitetea kwamba yatima alitikisa kichwa. Kadiri mwenye haki anavyokuwa dhaifu, ndivyo sharti la mdhamini linavyokuwa kali. Udhaifu wa mwenye mali unamzidishia msimamizi wajibu, haumpunguzii. Sheria inayoupunguza usemi wa kijiji kadiri ardhi inavyokuwa kubwa imekipindua kipimo hiki juu chini. Dawa yake haihitaji elimu ya ng'ambo: neno la mkutano mkuu wa kijiji liwe la mwisho kwa ardhi ndogo na kubwa, mkataba usomwe kwa Kiswahili na mtu asiye na haja nao, muda wa kukodisha usizidi maisha ya waliokubali, na mwekezaji akiondoka, ardhi irudi kwa waliyoitoa, bila ya kuombwa.

Lakini hata kabla ya sheria kubadilika, liko jambo dogo linaloweza kuanza katika kata ya Masaki na katika kila kata ya nchi hii. Mihtasari ya mikutano yetu huandika idadi ya waliohudhuria na kwamba wote kwa kauli moja walikubali. Iandikwe pia idadi ya waliokataa na sababu zao walizozitoa. Na mkutano wa mwaka unaofuata ufunguliwe kwa kuwauliza watu hao, mbele ya wote, kama bado wanalima walipokuwa wakilima, na kama watoto wao bado wako shule. Mahali ambapo majibu yao ni mema, ndiyo ya wengine tunaweza kuiamini. Mahali ambapo safu hiyo ya waliokataa iko tupu mwaka baada ya mwaka, tusikimbilie kuwasifu watu kwa umoja wao.